Amplifaya ya Mama Haina Ethi

Kila mwaka nawafundisha kidato cha tatu nyaya tatu za plagi. Nawaambia ule wa tatu, wa ethi, kazi yake ni kusubiri siku ya ajali, ili umeme ukivuja kwenye kasha la bati ukimbilie ardhini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Wanaandika, wanafaulu. Mimi narudi nyumbani kwangu Nkende nikijua kwamba mama yangu mzazi, kule kijijini Itiryo, asubuhi hiyo ameshika amplifaya isiyo na ethi. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi hata mama nimeshindwa kumganga.

Amplifaya ililetwa na kaka yangu, anayefanya biashara upande wa pili wa mpaka. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kufa. Mwanzoni alitulaumu sisi kwamba tunanong'ona, akamlaumu na mchungaji, kisha akaacha kulaumu. Kifaa cha sikioni tulimnunulia; alikivaa siku tatu, akakitupa kwenye kopo la vifungo, akasema kinavuma kama mzinga wa nyuki. Kuyakosa maneno yetu hakukumsumbua sana. Alichokililia ni kwaya. Basi kaka akaleta amplifaya ya bati na spika mbili zinazonifika kiunoni, akachomeka flashi yenye nyimbo, na mama akasikia. Wakasikia na majirani wa ng'ambo ya kijito, wapende wasipende.

Nilipokwenda likizo niliigusa, ikaniuma vidole. Plagi ilikuwa na miguu mitatu na soketi matundu matatu, ila nyuma ya tundu la tatu hapakuwa na waya wowote. Aliyetandaza nyaya umeme ulipofika kijijini aliweka pambo. Nikaibeba hadi kwa fundi redio mjini. Akaifungua, akasema hizi kubwa za bati huvujisha kidogo, zimetengenezwa zikitegemea ethi. Leo inaumauma tu. Siku waya ukichomoka ndani ukagusa bati, itaua.

"Mwalimu, wewe unajua kuliko mimi," akaniambia. Nilitamani kumzaba kibao.

Nikamleta fundi umeme na nondo yake ya shaba ya kupeleka ethi ardhini, ndefu kama mtoto wa darasa la sita. Kwetu ni mwamba. Nondo ilishuka futi moja ikagonga jiwe. Akahama, ikagonga. Hadi saa nane uani palikuwa na vishimo kila upande, kuku wakifurahia wadudu. Udongo wenye kina uko mahali pamoja tu, na wote tunapajua, kwa kuwa hata waliochimba kaburi la baba walihangaika vivyo hivyo hadi walipoupata. Ni hatua nne kutoka ukuta wa chumba cha mama. Fundi akalitazama kaburi, akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia apige pembeni kidogo.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuhitaji masikio kuelewa.

"Mura, kijana wangu, weka nyundo chini," alimwambia fundi. "Huyo alichomwa sindano za kutosha hospitali. Mwacheni alale."

Fundi akavuta waya hadi kwenye migomba kule bondeni, akapigilia nondo kwenye tope. Ethi ikafanya kazi, nikaligusa bati kwa kiganja chote, kimya. Nililala usingizi mzuri siku tisa. Siku ya kumi mama akaamka akakuta waya umekatwa na nondo imeng'olewa. Shaba siku hizi hailali nje. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi imetoka wapi.

Nikanunua redio ya plastiki yenye plagi ya miguu miwili, aina ambayo haihitaji ethi kwa kuwa haina bati la kushika. Nikaifungulia mpaka mwisho, mimi mwenyewe nikaziba masikio. Mama akaweka shavu juu yake, akanitazama mdomoni.

"Imewaka?"

Jioni yake akarudi kwenye amplifaya. Hasira zikanipanda. "Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamfokea. Alikuwa anatazama dirishani, hakusikia. Nilikwenda jikoni nikalia kwa aibu.

Nilimpigia kaka, nikamwambia naibeba, naondoka nayo.

"Sawa, ibebe," alisema. "Na mathe utamwachia nini?"

Nikaiacha. Nikamtandikia mama mkeka mnene wa mpira mbele ya amplifaya, nikamwapisha asiiguse bila kusimama juu yake. Akaapa haraka mno.

Mwezi uliopita nilifika asubuhi bila taarifa. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, nikadhani umeme umekatika. Nikavua viatu, nikaingia. Mama alikuwa amesimama pekupeku kwenye saruji, mpira ameukunja pembeni, kiganja kimelala juu ya bati. Taa ndogo nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Flashi haikuwemo.

Nilimgusa bega. Hakushtuka. Nikamwonyesha ule mpira kwa kidole, na nadhani uso wangu ulisema mengine yote.

"Nikisimama juu ya mpira wako haiumi," alisema. "Isipouma, nitajuaje kama wanakwaya wameanza?"

"Tangu lini, mama?" nilimuuliza kwa midomo.

"Tangu tuvune mahindi. Masikioni sisikii kitu tena. Hapa wanakuja." Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye bati karibu na wake. Umeme ukaniuma mpaka kwenye kiwiko. Nilijua unapita wapi, kutoka vidoleni, kifuani, hadi miguuni. Nimeuchora ubaoni mara nyingi. Ningeweza kuing'oa plagi kwa mkono mmoja.

"Leo wanaimba upi?" akaniuliza, macho yake kwenye midomo yangu.

Nikamtajia ule anaoupenda, polepole, neno kwa neno. Akafumba macho, akaanza kuimba.