Mabomba Niliyoyaangusha Mwingi

Siku ya kwanza katika kazi ya visima nilifika na buti za jeshi zinazong'aa na kiburi kingi. Msimamizi wetu, Mkamba mzee asiye na maneno mengi, alinitazama akacheka. "Wewe askari, hapa hakuna adui ya kupiga. Adui ni haraka yako."

Kila pampu ilipoharibika, tulivuta mabomba kutoka kisimani moja moja. Yaliyobaki chini yalishikwa na kibano, chuma cha kubana shingo ya bomba kwa bolti mbili. Nilianzia Kitui, nikapelekwa Emali, kisha Mwingi. Kila Jumapili niliingia porini kurina asali.

Mwingi ndipo nilipoaibika. Kiangazi kilikuwa kikali, pampu imekufa, ng'ombe wamejipanga mpaka barabarani wakingoja maji. Kwa kutaka sifa za wepesi, nilikaza bolti moja tu. Kibano kikateleza, mabomba yote yakatumbukia.

Mfugaji mmoja mzee, Mwislamu kutoka kaskazini, aliniuliza kwa upole, "Fundi, sasa hawa wanyama watakunywa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini shimo lenyewe lilikuwa la inchi sita. Doria zote za mpakani hazikuwahi kunitia hofu kama ile. Nilijua nitafutwa kazi. Hata hivyo nilimwendea msimamizi.

"Ni mimi, mkubwa. Bolti ya pili sikukaza."

Alichungulia shimoni. "Haya, tutavua. Lakini tutavua aje na hatuoni bomba imekaa namna gani?"

Hapo nikakumbuka nta ya nyuki iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Niliilainisha motoni, nikaibandika chini ya chuma kizito, tukakiteremsha kwa kamba mpaka kikagonga. Kilipopanda, nta ilikuwa na alama ya nusu duara, pembeni kabisa. Bomba lilikuwa limeegemea ukuta.

"Pinda ndoana ifuate ukuta," msimamizi akasema.

Nilichomelea ndoana, nikaipinda. Ilikosa mara tatu. Mara ya nne ndoana ikanasa na kamba ikakaza. Tukayavuta mabomba juu, na safari hii bolti zote mbili za kibano nilizikaza.

Tulibadilisha pampu, tukayarudisha mabomba. Maji ya kwanza yalitoka na kutu, kisha yakatakata. Yule mzee alinawa uso, akasema, "Alhamdulillahi." Mimi nilikaa chini nikalia, na sioni haya kusema.

"Simama, askari," msimamizi akaniambia. "Kesho tuko na kisima ingine."

Nimestaafu sasa, magoti yamechoka. Vijana huniuliza jeshini niliokoa watu wangapi. Sijui. Ninachojua ni kwamba ng'ombe wale walikunywa wote, na nikarudi nyumbani bila deni la kiu ya mtu shingoni mwangu.