Rangi ya Kucha kwenye Pampu

Mimi na mafundi wa magari hatujawahi kuaminiana. Mmoja aliwahi kunirudishia gari dogo likiwa na betri ya mtu mwingine, akaniapia kwa mama yake mzazi kwamba ni ile ile. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo baba aliponiambia anataka landrova yake ifufuliwe impeleke Kibakwe, kwao, kabla miguu haijamgomea kabisa, nilianza kushuku hata kabla sijamjua wa kumshuku.

Baba hakutaka kusikia habari ya gari jingine. Landrova ilikuwa imekaa uani miaka, bodi nzima, injini yake ya petroli imepasuka bloku. Fundi niliyeelekezwa Kizota, mtu wa Kondoa, mpole kupita kiasi (upole huo nao nikautilia shaka), alisema tuachane na petroli, tutafute dizeli ya mtumba yenye nguvu ya mlima.

"Mwalimu, kwa muuza injini tunakwenda asubuhi, bila kupiga simu," aliniambia. "Weka kiganja kwenye bloku. Ukiikuta ya moto, ujue wameiwasha mapema ili isiwaaibishe mbele yako. Ondoka."

Ya kwanza tuliikuta ya moto. Ya pili ilitoa moshi wa bluu, maana yake inakula oili. Ya tatu ilikuwa baridi kama mtungi, na ikawaka mara moja. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza fundi kaahidiwa cha juu kiasi gani, maana mbona muuzaji huyo ndiye aliyewekwa wa mwisho?

Tulipoifikisha gereji nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, nikaweka tone kwenye kila kifaa kinachoweza kuchomolewa: alteneta, stata, pampu ya dizeli. Namba zake nikazipiga picha. Likizo nzima nilikaa pale juu ya kreti la soda, na chupa yangu ya uji, nikimwangalia.

"Ungeleta na kitanda, mwalimu," alinitania.

Sikucheka. Alichongesha bamba la kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani, akachomelea vishikizo vipya, na mimi nikahesabu kila bolti.

Shule ilipofunguliwa nikakosa kufika gereji siku mbili. Niliporudi, tone la pampu halikuwepo. Pampu yenyewe ilikuwa safi, inang'aa. Damu ilinipanda. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake, kwa sauti ile ninayoitumia kwa kidato cha pili.

Alifuta mikono taratibu. "Injini ilikuwa inatoa moshi mweusi, nikapeleka pampu ikapimwe. Haipimwi bila kuoshwa kwanza. Si una picha ya namba? Itazame."

Nikaitazama. Ilikuwa ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Nikaomba radhi, akasema yameisha, akarudi kazini. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akageuza pampu kidogo sana, akasikiliza, akageuza tena, mpaka mtetemo ukatulia na moshi ukapotea. Siku hiyo hakunitania.

Asubuhi ya safari baba alikuwa ameshapanda, kavaa koti lake, fimbo katikati ya magoti. Fundi alimpa shikamoo, kisha akanikabidhi funguo. Kwetu, aliyefunga injini hupanda naye kwenye safari yake ya kwanza ndefu, hasa ya milimani. Nikawasha injini, nikamfungulia mlango.

"Hapana, mwalimu," alisema kwa upole ule ule. "Kule juu pampu ikitaka kuguswa, utakuwa unaniangalia mikono. Nenda na fundi unayemwamini."

"Mbona fundi hapandi?" baba akauliza.

Nilimweleza yote, hata neno nililomwita. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba hakunigombeza. Alifungua mlango, akatanguliza fimbo, kisha mguu mmoja, kisha wa pili, na kushuka huko kulimchukua muda mrefu. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, na hakuna aliyekuwa anakwenda popote.