Taa za Amplifaya ya Kijiji

Leo nimewasha jiko la umeme lililokaa kabatini mwaka mzima. Vumbi lilipoanza kuungua, harufu yake ikanirudisha utotoni, miaka ya vijiji vya ujamaa, nikamwona baba, amechuchumaa nyuma ya amplifaya, mashine ya kijiji ya kukuza sauti, jasho linamchuruzika.

Zile taa zake mbili kubwa za kioo, zinazosukuma sauti, zilikuwa zimekufa, na za aina ile hazikupatikana Korogwe wala Tanga. Baba alikuwa na mbili za aina nyingine, alizozichomoa kwenye amplifaya mbovu ya klabu ya shamba la mkonge. Alizifuta kwa kanga ya mama, akabadilisha rizista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, akazichomeka. Miguu yake ya chuma ikaingia kwenye matundu.

Katibu wa kijiji alikuwa amemsimamia. "Ndugu, hizo si za hapo. Ukiunguza mali ya umma, utajibu mwenyewe wilayani."

Baba hakuinua kichwa. "Ndugu katibu, hata sisi si wa hapa. Ulitushusha kwenye lori na kuku wetu, ukasema tutazoea."

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi kando wakageuka kututazama. Mama akanivuta nyuma yake.

Baba akawasha. Vumbi likanukia, wekundu ukapanda taratibu ndani ya vioo. Akachukua gitaa lake, akaliunganisha na amplifaya, akazipiga nyuzi zote kwa pamoja. Sauti ikatoka nzito kuliko ile tuliyoizoea.

"Inakwaruza," katibu akasema.

"Inakwaruza," baba akajibu, "lakini itasikika mpaka kule ulikotutoa."

Akafungulia sauti hadi mwisho.