Maoni Niliyoyatoa Juu ya Gari Jipya

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara na kuambiwa nilale chali chini ya gari. Ilikuwa Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika karakana ya kampuni moja iliyokuwa na malori ya mizigo na magari machache makubwa ya kukodisha kwa wageni wa heshima. Fundi Mkuu alikuwa Singasinga mwenye kilemba cheupe ambacho sikuwahi kukiona kimeguswa na oili, ingawa yeye mwenyewe alishinda ndani ya oili. Alichuchumaa, akaniinamia.

"Wewe nataka kujua gari?"

"Ndiyo, Fundi."

"Injini iko wapi?"

"Mbele."

"Na gurudumu gani nasukuma gari?"

"Ya mbele, Fundi."

Alicheka mpaka wenzake wakaja kuuliza kuna nini. "Huyu nataka kwenda Iringa kwa gurudumu ya usukani! Tambaa, bwana. Fuata bomba mpaka mwisho, halafu wewe niambie."

Nikatambaa. Nawaelezeni vijana nilichokiona, maana bila hicho hamtaelewa kosa langu. Nyuma ya injini kuna giaboksi, na kutoka hapo bomba refu la chuma linapita chini ya sakafu ya gari mpaka nyuma. Bomba hilo tuliliita propela. Linazunguka, na mwisho wake linaingia kwenye kibuyu cha chuma kiitwacho difu, ambacho kazi yake ni kugeuza mzunguko ule uende kulia na kushoto, kwenye ekseli, kwa magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo ya mbele yanaongoza tu. Ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kama mtu anavyosukuma toroli. Na msukumaji asipokanyaga ardhi kwa uzito, huteleza. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya udereva wa nyanda zetu hizi, hasa masika, barabara inapokuwa uji wa udongo mwekundu.

Baada ya miaka miwili ya kulala chali nilipandishwa kuwa dereva msaidizi, nikawekwa chini ya Dereva Mkuu, Mzee Anselmi. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mtu mrefu, mpole, aliyeendesha magari tangu enzi ambazo injini iliwashwa kwa kuzungushwa mpini mbele. Aliniita mwanangu nami nilimwita baba, na haikuwa adabu ya kazini tu. Alinifundisha kusikiliza difu kwa masikio, kuteremka mlima kwa gia ileile ambayo ningeupandia, na kumfungulia abiria mlango bila kumtazama usoni kana kwamba ninasubiri kitu.

Alinifundisha pia desturi ya madereva wote wa barabara ile. Masika ikianza, kila dereva alitia magunia mawili nyuma ya gari, ndani ya buti, chini ya mizigo ya abiria. Mchanga kwa kawaida, au mchele ukiwa umepita Chimala kunakolimwa mpunga, kwani mchele ungeupeleka nyumbani baadaye. Uzito ule ulikaa juu ya ekseli ya nyuma, na magurudumu yakauma udongo. Wakubwa hawakuujua mtindo huo, au waliujua wakanyamaza. Sisi hatukuona haja ya kuuzungumza, kama mtu asivyotangaza kwamba amevaa viatu.

Magari yetu ya wageni yalikuwa ya mtindo wa zamani, marefu kwenda juu kama kabati. Ndipo mwaka mmoja, katikati ya masika, akaja mgeni kutoka kwa wauzaji wa magari akiendesha gari la aina hiyohiyo, lakini limeundwa upya. Karakana nzima tulitoka kulitazama. Lilikuwa limeshuka chini, limepanuka, limenyooka kama nyoka aliyeshiba. Springi zilikuwa laini, ukilibonyeza pembeni linainama na kurudi polepole kwa adabu. Na walikuwa wamehamisha mambo mawili makubwa. Injini ilisogezwa mbele zaidi, na kiti cha nyuma, ambacho zamani kilikalia ekseli, nacho kilisogezwa mbele, ili bwana mkubwa asirushwe kila kwenye shimo na aweze kunyoosha miguu.

Mgeni alitaka maoni. Meneja wetu, Mzungu, alikuwa tayari kuagiza magari manne, ila alitaka kwanza madereva wake wawili walijaribu kwa njia yetu na hali yetu: kuteremka hadi Chimala na kupanda tena mlima kurudi Mbeya. Siku ya kwanza Mzee Anselmi, siku ya pili mimi.

Asubuhi ya safari yake nilimwona Mzee anafungua buti na kulikagua. Nikamwuliza kama nimletee mchanga.

"Hapana, mwanangu. Ukipima mahindi ya watu, unatoa mkono wako ndani ya debe. Gari hili linapimwa. Liende lilivyo."

Alirudi alasiri, gari limepakwa matope mpaka madirishani. Mgeni alishuka soksi zikiwa nyekundu. Alikuwa amelisukuma kwa mikono yake. Meneja akauliza imekuwaje. Mzee Anselmi akasimama wima, kofia mkononi.

"Bwana, gari ni zuri kukaa. Lakini uzito umehamia mbele. Nyuma ni pepesi. Kwenye mlima wa matope halitapanda."

Meneja alitazama soksi za mgeni, akaona aibu mbele yake. Akasema tutaona kesho.

Kesho yake niliteremka vizuri. Barabara ya kwenda chini haina siri. Tulipofika Chimala, mgeni aliingia kula, nami nikabaki sokoni na gari. Wauza mchele walinijua. Nikanunua magunia mawili, wakanisaidia kuyatia kwenye buti, nikayafunika kwa turubai. Ningependa kuwaambia kwamba yalikuwa mazoea tu, mkono ulifanya kabla ya akili. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini nilipokuwa nafunga buti nilisikia maneno ya debe waziwazi, kwa sauti ya Mzee mwenyewe, na bado nikafunga. Sikutaka kusukuma gari mbele ya mgeni. Sikutaka soksi nyekundu.

Tukapanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa mbaya kuliko jana. Gari likapanda kama linavutwa kwa kamba. Mgeni alipiga paja lake kwa furaha, akatoa daftari, akaandika. Kila alipoandika nilijiambia, nitamwambia pale kwenye kona inayofuata. Kona zikaisha, tukaingia Mbeya. Mgeni akaenda kunawa, nami nikatumia nafasi ile kuyashusha magunia nyuma ya stoo. Hapo mazoea yalikuwa yamekwisha. Hapo nilikuwa naficha.

Meneja alituita wote uani: mafundi, makuli, madereva, na Mzee Anselmi mbele.

"Mzee huyu nasema matako ya gari ni nyepesi," alisema, na watu wakacheka, kwa sababu bwana mkubwa akitamka neno kama hilo hucheki kwa hiari yako. "Wewe jana naona yeye, leo wewe napanda mzuri. Sasa sema. Shida ni gari, ama shida ni dereva?"

Mzee alinitazama. Hakuwa na wasiwasi. Nadhani alikuwa na shauku ya kweli ya kujua nimelipandishaje, kama mwalimu anavyofurahia mwanafunzi aliyepata jibu kwa njia nyingine.

Nikasema, "Gari halina neno, Bwana."

Maneno manne. Sikumtaja mtu. Lakini kama gari halina neno, kila aliyesimama pale alijua neno liko kwa nani. Kuli mmoja akanong'ona, "Kumbe mzee wetu ameshachoka!" Fundi Mkuu peke yake hakucheka. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki ile Mzee Anselmi alivuliwa kofia ya Dereva Mkuu. Akapewa ndoo na brashi, awe anaosha magari hadi mkataba wake uishe. Kofia nikapewa mimi. Ilikuwa kubwa kidogo, nikaitia gazeti ndani.

Gari la kwanza aliloletewa kuosha lilikuwa lilelile la majaribio. Nilikuwa mlangoni pa ofisi nilipomwona anafungua buti na kuingiza ufagio. Akasimama. Akachota kitu, akaja kwangu polepole, akafungua kiganja. Punje za mchele, labda ishirini, na uzi wa gunia.

"Mwanangu," alisema, "hili gari lilikula Chimala?"

Nikazitazama punje. Alisubiri. Meneja alikuwa ndani, nyuma yangu, mlango wazi. Hatua tatu tu. Mzee alijua, nami nilijua. Alisubiri muda mrefu, kisha akazimwaga punje kwenye mfuko wa koti langu la kazi, bila hasira, kama mtu anayemrudishia mwenzake mali yake, akarudi kwenye ndoo.

Miezi mitatu baadaye alirudi kwao Kalenga. Magari manne yakaja. Na hapa kuna jambo linalonitia haya kuliko yote: hakuna aliyegundua kitu. Madereva waliyatia magunia ya mchanga kwa mtindo uleule wa siku zote, magari yakapanda, na Meneja akaendelea kusifu muundo mpya. Desturi yetu nzuri ndiyo iliyoufunika uongo wangu.

Nilihamishiwa tawi la Iringa mwaka uliofuata, nikiwa msimamizi wa madereva. Msimamizi mwenyewe, na Kalenga iko pua na mdomo. Nilikaa miezi nikiona uzito kwenda. Jumapili moja, baada ya misa, nikaenda. Niliazimia kutubu, na nilijisifu moyoni kwa azimio hilo.

Nilikuta uani kumejaa watu. Kijana wake alikuwa anaoa, na wazee wa upande wa binti walikuja kujadiliana. "Kamwene!" Mzee Anselmi aliita aliponiona, akanyanyuka, akanishika mikono yote miwili. Akanipa kigoda na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Akawaambia wageni, "Huyu ndiye kijana niliyemfundisha kazi. Leo ni mkubwa Iringa."

Mkwe mmoja, mzee mcheshi mwenye fimbo, akanigeukia. "Basi wewe ndiye wa kutuambia. Huyu mkwe wetu anasema aliyaacha magari kwa sababu macho yamechoka. Sisi tunasema alikimbia magari mapya. Eti ni mazuri kweli?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, lakini mkono wake ulisimama juu ya kata ya ulanzi.

Nilidhani Mungu amenifungulia mlango. Nikasimama, nikasema yote. Magunia, mlima, uani pale, kofia, na ndoo ya kuoshea magari. Nilisema kwa machozi na nilipomaliza nilijihisi mwepesi kama ndege.

Kisha yule mkwe akauliza taratibu, "Kumbe alikuwa anaosha magari?"

Mzee Anselmi aliinua kata. Akammiminia mgeni wake ulanzi, akauliza habari za mahindi upande wa Kilolo walikotoka, na mazungumzo yakaenda huko kwa shida, kama gari linalotafuta gia. Baadaye alinisindikiza hadi njiani.

"Baba, nimesema ukweli," nilimwambia.

"Umeusema kwangu. Mimi nilikuwa naujua."

"Nilitaka watu wajue hukuwa na kosa."

"Watu gani? Hawa hawakuwahi kusema nina kosa. Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu, mwanangu. Ulibeba mzigo, ukachoka, ukautua kichwani pangu." Alinishika bega, na wala hakulibana. "Wa kuambiwa yuko Mbeya."

Niliomba ruhusa nikaenda Mbeya wiki iliyofuata. Hapana, nisiwadanganye tena. Niliomba ruhusa baada ya miezi minne, na Meneja alikuwa amesharudi kwao Ulaya. Nilipomweleza aliyechukua nafasi yake, aliniuliza Anselmi ni nani.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Vijana madereva hunitembelea, na ninafurahi mno kuwaona, maana kazi hii ni nzuri na wengi wao wana mikono bora kuliko niliyokuwa nayo. Nawaambia wasiogope gari jipya, wala wasiogope mkubwa anayeuliza swali. Mkiulizwa, jibuni palepale, mbele ya walewale waliokuwepo. Ukweli ukicheleweshwa hauozi, lakini hubadilisha mtu wa kumwumiza.

Na kwa kuwa niliulizwa, na sijawahi kujibu, najibu. Gari lile lililoundwa upya lilikuwa na kiti kizuri kuliko la zamani. Springi zake zilikuwa laini, taa zake zilifika mbali, usukani wake ulikuwa mwepesi, na kwenye barabara kavu mgeni angeweza kulala kutoka Mbeya hadi Iringa. Lakini walipompa abiria nafasi ya miguu waliyapokonya magurudumu ya nyuma uzito wake, na kwenye mlima wa matope, bila magunia, halikupanda. Lilijaribiwa mara moja tu kwa haki, na aliyelijaribu ni Mzee Anselmi wa Kalenga. Shida haikuwa dereva.