Safari ya Masaa Matano

Mtaa mzima walimwita Mama Futi, maana futi yake ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kununua chumvi. Miaka ishirini na mbili ya cherehani, na hakuwahi kukata kitambaa cha mtu kikapunguka.

Binti yake wa pekee alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, Mama Futi aligoma. Na presha yake ile, siku akidondoka nani angemwokota? Binti hakubishana. Alimwekea tiketi mezani, katikati ya chaki na vipande vya bitana. Mama akaisoma kama anavyosoma futi: namba ya mwisho, toa ya mwanzo. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa nane mchana, tarehe ile ile. Masaa matano. Akalegea.

"Kumbe hapo tu," alisema. "Nikikuita asubuhi, jioni uko hapa."

Binti aliinama akafunga zipu ya begi.

Siku ya safari, Mama Futi alirudi kutoka uwanja wa ndege akakaa kwenye cherehani, akawatangazia wateja kwamba mwanawe atafika kabla hajamaliza suruali mbili. Mteja mwenye sare za shule akamtania kwamba, kwa jinsi anavyochelewesha nguo za watu, suruali zikiisha binti atakuwa ameshastaafu. Wakacheka.

Saa nane ikafika, simu kimya. Saa nane na nusu, kimya. Akapiga yeye, haipatikani. Saa tisa sindano ilimchoma kidole, akaona damu kwenye kola nyeupe bila kusikia maumivu. Ndege imeanguka. Hakuwaza kingine. Akatoka mbio hadi ofisi ya tiketi, barabara ya pili, kila mguu na kandambili ya rangi yake.

Karani alimsikiliza, akatazama kompyuta, akamwambia ndege iko salama.

"Mbona hajafika?"

"Mama, hiyo saa nane ni ya kule. Sisi tumewatangulia masaa tisa. Angani wanakaa masaa kumi na manne."

Karani akaongeza taratibu kwamba ni kilomita karibu elfu kumi na mbili, na kwamba sasa hivi hata nusu ya njia bado.

Karani akamsogezea kiti, na kwa kutaka kumtuliza akasema binti alikuwa ameelezwa yote, pale pale kaunta. Aliuliza mara mbili kama mtu anaweza kuitwa asubuhi akarudi jioni. Akaambiwa haiwezekani.

Kwa hiyo binti alijua. Alijua, akafunga zipu.

Kisha Mama Futi akasimama, akishikilia kaunta.

"Mwanangu," alimwambia karani, "akirudi kukata tiketi hapa, usimwambie nilikuja. Ajue mimi kwangu bado ni masaa matano."