Ikwalaiza ilikuwa imezimwa

Wapendwa, leo nimeombewa kwa kazi ambayo sikufanya.

Mnajua albamu ya kwaya ya wamama inazinduliwa Jumapili. Asubuhi yote nimeshinda hapa studio na ikwalaiza ya kompyuta, ile ya kusawazisha sauti, napunguza besi, naongeza sauti nyembamba. Jasho!

Mama Njeri, mwalimu wao, akaja kusikiliza.

“Baba Kim! Jana tulikuwa kama watu walio ndani ya tangi. Leo ni malaika!”

Akashukuru Mungu kwa mikono yangu. Nikasema amina kubwa kabisa.

Alipotoka ndio nikaona: ikwalaiza haikuwa imewashwa. Tangu asubuhi sikuwa nimebadilisha kitu. Na hata mimi nilikuwa nasikia tofauti, jamani!

Nikaiwasha. Wakasikika kama bati.

Moyo ukakataa kutulia. Nikampigia, nikakiri yote.

“Ati rekodi ya tangi na ya malaika ni moja?”

“Ni moja, mwalimu.”

Mwalimu akasema:

“Basi nakuja na wamama wote. Tutakuimbia hapo mbele yako mpaka masikio yako yatujue.”

Ni wamama ishirini na wawili. Nasikia viatu kwa ngazi.

Niombeeni, lakini maombi ya ukweli.