Nilivyompeleka Mama Mkwe Majini

Niliacha shule mapema nikazurura hadi Kisumu. Niliporudi nyumbani Githongo, nilijigamba kwamba nimepiga makasia ziwani miaka miwili. Uongo mtupu, nilikuwa nikiuza njugu ufuoni. Mama mkwe aliniona mzururaji tu, na nilitaka sana aniheshimu. Ndiyo maana niliipangia familia likizo ya mashua kwenye bwawa moja kule Mbeere.

Shida ilikuwa moja. Kwetu, mkwe haketi akitazamana na mama mkwe. Nikajipa jibu haraka: nitakaa mbele na kuwapa wote mgongo, kama dereva.

Siku ilipofika niliingia kwa madaha, nikashika makasia, uso kwenye maji. Mama mkwe akaketi nyuma yangu, kisha mke wangu na watoto, Kendi na wadogo zake.

Mwenye mashua akapaza sauti kutoka ukingoni. "Wewe mzee, geuka bwana! Mpiga makasia hutazama abiria!"

Nikageuka. Magoti yangu yakagusana na ya mama mkwe. Akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Sasa Baba Kendi," akauliza humo ndani ya leso, "kule Kisumu, miaka miwili yote, ulikuwa unapeleka watu wapi?"